RAV4 ya umri gani? Old Model, Kilitime, Miss Tanzania na ile ya 2019 zikiwekwa pamoja

Jumamosi moja tulikutana gereji watu watatu, kila mmoja na Toyota RAV4 yake, na ubishi ukazuka: nani ana gari kuukuu kuliko wenzake? Mwenye namba E alijiamini, kwa kuwa kwenye namba za usajili za Tanzania herufi E ni ya karibuni kuliko B. Mwenye namba B alishaanza kujitetea kwamba lake limetunzwa. Fundi, ambaye sote tunamwamkia maana ametuzidi umri na ujuzi, hakusema kitu. Alifungua boneti moja baada ya nyingine, akafuta vumbi kwenye kibao kidogo cha bati kilichobanwa nyuma ya injini, akasoma kwa sauti. Ile ya namba E: ACA21W. Ile ya namba B: ACA31W.

"Basi, mdogo wangu," akamwambia yule wa namba E, "gari lako ni kaka mkubwa wa hili la namba B."

Na ndivyo ilivyokuwa. Lile la namba B lilikuwa Miss Tanzania (jina la mtaani la kizazi cha tatu cha RAV4) ya 2006, lililoletwa likiwa bado bichi. La namba E lilikuwa Kilitime (kizazi cha pili) ya 2001, lililokaa Japani zaidi ya miaka 20 kabla ya kupanda meli. Namba ya usajili inaeleza gari lilisajiliwa lini nchini. Lilizaliwa lini ni habari nyingine kabisa.

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu anayetaka RAV4 na amekwama katikati ya vizazi, au anayo tayari na anajiuliza kama abadilishe. RAV4 imetengenezwa tangu 1994, na vizazi vinne kati ya vyake ndivyo vinavyokutana kwenye yadi na barabara zetu.

Umri una hesabu tatu

Kuna umri wa kizazi: muundo wa gari ulibuniwa lini. Kuna umri wa gari lenyewe: lilitoka kiwandani mwaka gani. Kuna umri wa kukaa nchini, ambao ndio huo wa namba. Dalali atakutajia ule unaomfaa yeye. Wewe ulizia yote matatu, na anza na kizazi, kwa sababu ugonjwa mkubwa wa gari huja na kizazi chake.

Magari yaliyouzwa kwa soko la Japani hayana mwaka ndani ya namba ya chasi. Herufi za mwanzo ndizo zinazokupa kizazi na injini. SXA ni Old Model, yaani kizazi cha kwanza. ACA20 na ACA21, pamoja na ZCA25 na ZCA26, ni Kilitime. ACA31 na ACA36 ni Miss Tanzania. MXAA na AXAH ni hii ya 2019 kwenda mbele. Mwaka na mwezi utaupata kwa kutafuta namba kamili ya chasi kwenye mifumo ya spea ya Toyota, na kadi ya gari nayo ina mwaka wa kutengenezwa. Njia nyingine nyepesi ni kuvuta mkanda wa kiti na kutazama lebo iliyoshonwa karibu na mwisho wake. Mikanda mingi ina tarehe ya kutengenezwa. Mikanda yote ikisema 2000 na muuzaji anasema 2004, mwulize vizuri.

Mimi sikuvuta mkanda. Niliuziwa Kilitime kwa maelezo kwamba ni ya 2004, kadi "inafuatiliwa", na kwa macho ilifanana kabisa na ya 2004, kwa kuwa taa na bampa vilikuwa vile vya baada ya Toyota kuibadili sura mwaka 2003. Kadi ilipokuja baada ya malipo ya kwanza, iliandika 2000. Mtu alikuwa ameifungia uso mpya. Gari halikuwa bovu, nimeliendesha miaka sita, lakini nililipia miaka minne isiyokuwepo, na hilo bado linaniuma.

Tukishajua umri, kila kizazi nimekiuliza maswali manne yale yale: injini na giaboksi vikoje, spea na mafundi wanapatikana kiasi gani, likoje ndani na barabarani, na fedha, yaani kununua, kodi na kuliuza baadaye.

Kodi kwanza, kwa sababu ndipo umri unapouma

Kwa Tanzania, gari dogo la mtumba linaloingia hulipiwa ushuru wa forodha wa 25%. Kisha kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: 5% kwa cc zaidi ya 1000 hadi 2000, na 10% kwa zaidi ya 2000. Juu yake inakuja VAT ya 18% pamoja na tozo nyingine ndogo. Halafu uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa 15%, na lililopita miaka 10 huongezewa 30%. Thamani inayotumika ni ile iliyo kwenye mfumo wa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kwa hiyo kuokota gari kwa bei ya kutupa mnadani Japani hakukupunguzii kodi. Fungua kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti moja.

Msomaji wa Kenya ana mlango mwembamba zaidi, kwani gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza haliingii kabisa. Uganda tangu 2018 wamezuia yaliyozidi miaka 15. Katika nchi hizo mbili, vizazi vya zamani ni vya kununua mkononi mwa mtu aliye navyo.

Old Model (1994–2000)

Ilizinduliwa Japani Mei 1994 ikiwa na milango mitatu, na ya milango mitano ikafuata 1995. Upana wake ni milimita 1,695 tu. Katika mitaa ya Kariakoo huo ni utajiri.

*Injini na giaboksi.* Wengi wanazo za 3S-FE, lita 2, nguvu za farasi 135. Hii ndiyo injini iliyokuwa pia kwenye Carina, Caldina, Ipsum na Noah za zamani, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya injini zenye huruma kwa mwenye gari. Inatumia mkanda wa taiming, si cheni, na mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika njiani gari linazima, lakini valvu hazigongani na pistoni. Unafunga mwingine, unaondoka. Mafuta hupuliziwa kwenye njia ya hewa kwa mfumo wa kawaida ambao fundi yeyote wa Toyota anaujua. Kwa nyingi, magurudumu manne yanasukuma muda wote, na kati ya hizo zile za gia za mkono zina kitufe cha kufunga difu ya kati, ambacho watu wa vijijini wanakithamini sana.

*Spea na mafundi.* Za injini zipo tele. Tatizo ni vitu vya mwili: taa, mipira ya milango, vishikio, plastiki za dashibodi. Hapo utazunguka Gerezani, eneo la maduka ya spea Dar es Salaam, mpaka miguu iume, na mara nyingi utapata kilichotolewa kwenye gari lililokufa.

*Ndani na barabarani.* Dogo, jepesi, linageuka papo hapo. Safari ndefu linachosha kwa kelele, na nyuma watu wazima watatu ni kubanana. Kutu itazame chini ya mazulia na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, hasa gari likiwa limeishi Tanga, Mtwara au Zanzibar. Usalama wake ni wa miaka ya tisini. Kama unabeba watoto kwenye barabara kuu kila wiki, hilo lipe uzito.

*Fedha.* Kuliagiza leo ni kulipia uchakavu wa 30% kwa gari la robo karne, jambo ambalo sioni maana yake. Nunua lililopo nchini. Bei ya kuuza tena haishuki sana, kwa kuwa imeshafika chini.

Linamfaa mwenye fundi wake wa siku zote, anayekaa mahali penye tope au mawe, na ambaye safari zake ni fupi.

Kilitime (2000–2005)

Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo gari nililoishi nalo, na ndilo linalosemwa vibaya bila kueleweka.

*Injini na giaboksi.* Zilizotoka Japani nyingi zina 1AZ-FSE, ile iliyoandikwa D-4. Ni lita 2, farasi 152, cheni badala ya mkanda. D-4 maana yake petroli inapuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ilikuwa teknolojia ya mbele kwa wakati wake na inabana mafuta vizuri. Lakini fikiria kinachotokea: kwenye injini ya kawaida petroli hupita juu ya valvu za kuingizia hewa na kuziosha. Kwenye D-4 haipiti hapo. Moshi unaorudishwa kwenye njia ya hewa pamoja na mvuke wa oili hujenga masizi meusi kama lami. Baada ya miaka, gari linatetemeka likiwa limesimama kwenye foleni, linazima ukiachia mafuta, linakosa nguvu mlimani. Fundi asiyejua atakubadilishia plagi, koili, sensa moja baada ya nyingine, na fedha zako zitakwisha. Anayejua atafungua manifodi ya kuingizia hewa, aisafishe hadi chuma kionekane, na gari litarudi.

Ugonjwa wa pili wa D-4 ni pampu ya mafuta ya presha kubwa. Siku fundi aliponifundisha, alichomoa kijiti cha oili, hakukitazama, akakipeleka puani, kisha akanipa na mimi. Oili ilinuka petroli. Kiwango pia kilikuwa kimepanda juu ya alama ya mwisho, na mimi siku zote nilifurahi nikidhani gari langu halili oili. Pampu ilikuwa inavujisha petroli hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi. Ukienda kukagua Kilitime, fanya hivyo hivyo: nusa kijiti kabla hujapanda kwenye kiti.

La tatu ni nyuzi za bolti za silinda hedi upande wa nyuma wa injini, ambazo kwenye injini za AZ za miaka hiyo hulegea ndani ya bloku. Dalili ni maji ya rejeta kupungua bila kuona yanapovujia, au doa la rangi ya kulanti (maji ya kupoozea injini) nyuma ya injini. Matengenezo yapo, ya kuweka nyuzi mpya za chuma, lakini yanahitaji mtu mwenye mashine na utulivu.

Ile ya ZCA ina injini ya 1.8 na inasukuma mbele tu. Haina D-4, na hilo ni jema, lakini 1ZZ-FE za miaka hiyo zinajulikana kwa kula oili. Tena ukitaka kupanda nayo kwenda shamba wakati wa masika, utajuta.

*Spea na mafundi.* Zipo kila mahali. Bushi, shokapu, stabilaiza, taa, milango, vyote vinapatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. Kinachokosekana ni mafundi wa D-4. Kabla hujanunua, tafuta fundi kwanza.

*Ndani na barabarani.* Upana wake ni milimita 1,735. Viti vya nyuma vinatoka, na ukivitoa unabeba friji au magunia. Kwangu mjini ilinipa kilomita 8 hadi 9 kwa lita, na Dar hadi Morogoro ilifika 12. Inapanda vizuri na haiogopi mashimo.

*Fedha.* Bei ya mkononi ni nafuu, na watu wengi wanaitafuta kwa hiyo haikai sokoni muda mrefu. Kuagiza bado kunawezekana, ila 30% ya uchakavu inakufanya ulipe karibu na bei ya gari jingine lililopo nchini.

Inamfaa anayeanza kumiliki gari la juu kidogo, mwenye subira ya kulisafisha na kulifuatilia. Haimfai anayetaka kuwasha na kuondoka bila kufungua boneti mwezi mzima.

Miss Tanzania (2005–2016)

Novemba 2005 Japani walipata kizazi cha tatu. Kikauzwa huko hadi 2016, muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, na kwa sababu hiyo umri wa gari moja na jingine ndani ya kizazi hiki unaweza kupishana miaka 10. Miss Tanzania ya 2006 na ya 2014 zinafanana usoni kwa mtu asiyezoea. Kwa kodi na kwa uchakavu ni magari mawili tofauti.

*Injini na giaboksi.* 2AZ-FE, lita 2.4, farasi 170, upulizaji wa kawaida, hivyo masahibu ya D-4 hayapo. Ugonjwa wake ni kula oili, hasa zilizotengenezwa hadi mwaka 2009 hivi, kwa sababu ya ringi za pistoni. Haivuji chini, haitoi moshi mwingi, inakula kimya kimya. Wengi wameua injini kwa kungoja taa ya dashibodi. Pima oili kila ukijaza mafuta ya safari. Ukinunua, muulize mwenye gari anaongeza oili kiasi gani kati ya sevisi na sevisi, na umtazame usoni anapojibu.

Giaboksi ni CVT, isiyo na gia za kupandisha na kushusha. Mafuta yake ni ya CVT tu. Ukimimina ya giaboksi ya kawaida umeliua. Ikiwa na afya ni laini sana. Likianza kuvuma au kuchelewa kuvuta baada ya kupata joto, ondoka, usishawishike na bei. Kwenye zile za 4WD, yaani za magurudumu manne, nyuma husukumwa pale mbele panapoteleza. Kuna kitufe cha kufunga, nacho hujiachia ukizidi kilomita 40 kwa saa.

Mwaka 2012 huko Marekani, Toyota waliagiza RAV4 za 2006 hadi 2011 zirudishwe kwa matengenezo ya mikono ya sasipensheni ya nyuma, ambayo nati zake zikilegezwa wakati wa kupima magurudumu na zisikazwe sawasawa hushika kutu na kukatika. Kwa hiyo ukipeleka gari kupimwa magurudumu, simama pale uone nati zikikazwa.

*Spea na mafundi.* Nzuri sana. Injini hii ipo kwenye Harrier, Alphard na Estima za miaka hiyo. Mafundi wa CVT ni wachache kuliko wa injini, na wengi watakushauri ufunge nyingine iliyotumika.

*Ndani na barabarani.* Milimita 1,815 za upana, na unazisikia begani ukikaa watatu nyuma. Kimya, linashika barabara. Mlango wa nyuma unafunguka kwa pembeni na umebeba tairi la akiba, basi ukiegeshewa nyuma karibu huwezi kutoa mzigo. Usukani ni wa umeme, mwepesi mjini. Ukisikia mlio wa "tk" ukigeuza pole pole, mara nyingi ni shafti ya usukani.

*Fedha.* Injini ya cc 2362 inakutupa kwenye 10% ya ushuru wa bidhaa, na nyingi zimeshagusa uchakavu wa 30%. Hata hivyo sokoni zinashika bei. Ukilinunua vizuri, unaliuza bila kilio.

Ukihitaji viti saba, mtazame ndugu yake, Vanguard, aliyeuzwa Japani kuanzia 2007 hadi 2013. Ni kizazi hiki hiki kilichorefushwa, kikiwa na injini ya 2.4 au 3.5, na kwa ile ya 2.4 hesabu za oili ni zile zile.

Linamfaa mwenye familia, anayesafiri mkoa mara kwa mara na anayetaka mchanganyiko wa starehe na spea za karibu.

Pengo la kizazi cha nne

Watu huuliza kwa nini RAV4 za 2013 hadi 2018, zile zenye mlango wa nyuma unaofunguka juu, ni chache. Jibu ni kwamba Japani hawakuziuza. Waliendelea na kizazi cha tatu, kisha wakaruka. Unazoziona zimekuja kwa njia nyingine, kama Uingereza, Dubai au kwa muuzaji wa Toyota nchini. Kwa hiyo anayeagiza Japani anatoka kizazi cha tatu hadi cha tano bila daraja, na bei nayo inaruka hivyo hivyo.

Ile ya 2019 kwenda mbele

Iliingia sokoni Japani Aprili 2019 na ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya 2019–2020.

*Injini na giaboksi.* Kuna ya petroli ya lita 2, M20A-FKS, farasi 171. Kilichonifurahisha ni kwamba inapuliza mafuta kwa njia mbili, ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa pia, kwa hiyo valvu zinaoshwa. Lile lililoisumbua Kilitime limepata dawa. CVT yake ina gia halisi ya kuanzia, kwa hiyo mwondoko wa kwanza hauchelewi. Na kuna haibridi, yaani petroli pamoja na mota ya umeme, ya lita 2.5. Kwenye 4WD, magurudumu ya nyuma yana mota yake na hakuna propela shafti. Vipimo vya Japani vinaipa kilomita 20.6 kwa lita. Nani atazifikia kwenye foleni ya Mwenge sijui, lakini foleni ndiyo mahali haibridi inapokula kidogo kuliko zote.

Ugonjwa uliojulikana kwenye haibridi ni kutu kwenye kiunganishi cha waya wa umeme mkubwa unaokwenda mota ya nyuma, ulioripotiwa zaidi Kanada ambako barabara humwagiwa chumvi. Anayeishi ufukweni na akikague.

*Spea na mafundi.* Hapa ndipo inaposhindwa leo. Kamera na rada za mbele zikigongwa, bampa pekee haitoshi, na vifaa vya kuzipima upya viko kwa wachache. Nje ya miji mikubwa utategemea kuagiza na kusubiri.

*Ndani na barabarani.* Milimita 1,855. Mlango wa nyuma unakwenda juu. Kimya, imara kwenye kona, breki zinazojishika zenyewe ukikaribia kugonga kilicho mbele.

*Fedha.* Uchakavu bado haujaigusa, kwani za 2019 zitafikisha miaka 8 mwaka 2027. Lakini thamani kwenye kikokotoo ni kubwa, na 25% ya kikubwa ni kikubwa. Ya petroli ya cc 1986 inakaa kwenye 5% ya ushuru wa bidhaa, jambo ambalo wengi hawalitazami wanapokimbilia haibridi ya cc 2487.

Inamfaa anayeweza kulipa mwanzoni ili asumbuke kidogo katikati, na anayekaa karibu na gereji yenye kompyuta sahihi.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Una fedha kidogo na barabara yako ni mbovu: Old Model iliyotunzwa, baada ya kutazama kutu. Usitafute ya rangi nzuri, tafuta ya chini safi.

Unataka Kilitime na fundi wako hajawahi kufungua manifodi ya D-4: subiri mpaka umpate anayejua, au chukua Miss Tanzania hata kama ni ya miaka ya mwanzo na inabidi upime oili kila wiki.

Unachagua kati ya Kilitime ya namba E na Miss Tanzania ya namba C kwa bei moja: soma kibao cha chasi, vuta mikanda, kisha tazama kumbukumbu za sevisi. Gari la namba E limekwepa mashimo yetu kwa miaka mingi, na sasipensheni yake huenda ni nzima. La namba C limechukua mashimo hayo yote, lakini ni la kizazi cha baadaye na una mwenyewe wa kumwuliza. Mimi ningeenda na lile ambalo mwenye nalo ana risiti.

Unaendesha teksi ya mtandaoni au unakaa foleni saa tatu kwa siku: hesabu petroli ya miaka mitatu uijumlishe kwenye bei. Haibridi inaanza kuonekana nafuu hapo tu. Mtu wa kilomita 30 kwa wiki hafikii nafuu hiyo.

Uko Nairobi na unataka kuagiza: ni hii ya 2019 kwenda mbele pekee. Miss Tanzania utainunua kwa mwenzako, na herufi za usajili wa Kenya, zile zinazoanza na K, zisikudanganye kama vile namba E ilivyomdanganya yule bwana wa gereji.

Na kama tayari una Kilitime au Miss Tanzania isiyokula oili, isiyopungua maji, yenye bodi safi, na kinachokuvuta ni sura ya mpya tu: kabla ya kuiweka sokoni, badilisha bushi zote, shokapu nne na mipira ya injini, safisha njia ya hewa, kisha iendeshe mwezi mmoja. Mimi nilifanya hivyo mwaka wa nne. Siku niliyotoka gereji nilipita barabara ya vumbi ya kwetu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikusikia kitu kikigonga chini.